Spika mpya ya gitaa "ambayo haijafunguka": uchambuzi wa kisa cha bendi moja ya Dar es Salaam

Usuli

Kisa hiki ni cha bendi ya muziki wa dansi inayopiga mwisho wa wiki kwenye ukumbi wa wazi, wilaya ya Kinondoni. Majina ya bendi, ukumbi, duka na mafundi yameondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasijulikane. Nimekiandika kwa ajili ya wapigaji, mafundi na viongozi wa bendi wanaonunua spika moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu, nao ndio wengi hapa mjini.

Ampli iliyohusika ni ya gitaa la solo: ya transista, ya mtumba, wati 100, yenye spika mbili za inchi 12 ndani ya boksi lililo wazi nyuma. Kila spika ni ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na zimeungwa sambamba, kwa hiyo ampli inaona omu 4. Nitaziita ya kushoto na ya kulia. Ya kushoto iliwahi kuungua miaka ya nyuma, ikabadilishwa koni (uso unaotikisika kutoa sauti) na koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) kwa fundi wa mtaani. Kila mtu kwenye bendi alilijua hilo, ila hakuna aliyeona haja ya kulitaja.

Mpiga solo ni mzee wa kazi. Amepiga dansi tangu enzi za bendi za mashirika ya umma, na sikio lake linaheshimika. Kiongozi wa bendi ni kijana kwake kwa umri, humwita "baba", lakini ndiye mwenye mfuko. Uhusiano huu uuweke akilini, kwa sababu ulichangia sana mambo kwenda yalivyokwenda.

Yaliyotokea

Usiku mmoja, katikati ya sebene, spika ya kulia ilitoa harufu ya kuungua kisha ikanyamaza. Onyesho likamalizwa na ya kushoto peke yake. Jumatatu kiongozi akaenda Kariakoo, akanunua spika mpya ya gitaa, inchi 12, omu 8, wati 60. Hapo hakukosea kitu: omu zinalingana na iliyotoka, na wati zinatosha, maana kila spika inabeba nusu ya wati 100.

Fundi aliyeifunga ni kijana msafi wa kazi. Alifungua boksi, akatoa iliyoungua, akaweka mpya, akachomea waya upya kwa risasi. Alipokuwa humo aliona waya za spika ya kushoto "zimekosewa": mwekundu ulikuwa kwenye mguu usio na alama, mweusi kwenye mguu wenye doa jekundu. Akazinyoosha. Hakutoza hela ya ziada wala hakumwambia mtu, kwa kuwa machoni pake alikuwa amerekebisha uzembe wa mwenzake.

Jioni ile ya kwanza jukwaani mlio ulikuwa wa ajabu. Nyuzi za juu zilichoma masikio, na chini hakukuwa na kitu. Mzee alipopiga kodi nzito ya E ilitoka nyembamba kama ya redio ndogo ya mkononi. Alizungusha nobu ya besi mpaka mwisho, akashusha trebo karibu na sifuri, bado mlio ukawa mkavu. Kiongozi akampigia muuzaji papo hapo. Jibu likawa: "Spika mpya hiyo kaka, bado haijafunguka. Ipigeni mwezi mzima, mtakuja kunishukuru."

Uamuzi wa kusubiri, na sababu zake

Kiongozi akaamua kusubiri. Ukimsikiliza, hakuwa mjinga. Kwanza, risiti ilisema mali ikishauzwa hairudishwi. Pili, mzee mwenyewe aliwahi kusikia maneno hayo kwa wapigaji wakubwa na akayaunga mkono, na kijana hawezi kubishana na baba yake mbele ya bendi. Tatu, na hii ndiyo ya msingi, maneno ya muuzaji yana ukweli ndani yake: "kufunguka" ni kulainika kwa spika mpya kadiri inavyopigwa.

Koni ya spika inashikwa sehemu mbili: ukingo wa nje wenye mikunjo, na spaida, kile kitambaa chenye mikunjo kinachoishika koili kwa nyuma ili ipande na kushuka bila kugusa sumaku. Spaida hutengenezwa kwa kitambaa kilicholoweshwa gundi ngumu kisha kikafinyangwa kwa joto. Ikitoka kiwandani inakuwa kakamavu, na ikicheza kwa nguvu mara ya kwanza gundi ile hulegea kidogo kwenye mikunjo, koni ikaanza kwenda mbali zaidi kwa nguvu ileile. Jambo hili linapimika. Kila spika ina masafa asilia, yaani mlio ambao koni yake inaucheza kwa urahisi kuliko mwingine wowote. Kwa spika nyingi za gitaa za inchi 12 masafa hayo yako kati ya 70 na 100 Hz, yaani mitikisiko kwa sekunde. Spika ya Vintage 30 ya kampuni ya Celestion, kwa mfano, imeandikwa 75 Hz. Spika ikilainika, masafa hayo hushuka.

Kwa hiyo bendi ilishika imani yenye msingi. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza ukubwa wa mabadiliko hayo, wala kama yanaweza kueleza walichokuwa wanakisikia.

Wakaanza "kuifungua". Mwanzoni walipiga mazoezini tu. Ilipoonekana haibadiliki, kijana mmoja wa bendi akaunganisha simu kwenye ampli, akaweka wimbo wenye besi nzito ujirudie, akafunga mlango wa stoo na kuondoka. Majirani walilalamika. Usiku uliofuata wakapandisha sauti zaidi ili kazi iishe haraka, nobu ya besi ikiwa bado imezungushwa mpaka mwisho. Baada ya hapo spika ya kushoto, ile ya zamani, ikaanza kukwaruza kwenye nyuzi za chini: koili yake ilishaanza kugusa sumaku.

Ndipo nilipoitwa, na swali nililopewa lilikuwa: "Hii spika inachukua muda gani kufunguka?"

Mezani kwa fundi

Kilichonishtua kabla sijashika chombo ni maelezo ya mzee. Alisema akisimama ubavuni mwa ampli anasikia besi kidogo, akirudi katikati mbele yake inapotea. Spika ngumu haifanyi hivyo. Ugumu wa spaida haujui umesimama wapi.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya mita. Kila spika ilisoma omu 6 na ushei, jambo la kawaida kwa spika ya omu 8, kwa sababu mita hupima ukinzani wa waya peke yake. Koili zote mbili zilikuwa hai na hakuna waya uliokatika.

Hatua ya pili ilikuwa kuchomoa mguu mmoja wa spika mpya na kumwomba mzee apige. Ampli hii ya transista haina shida kubaki na omu 8 pekee; kwenye ampli ya valvu nisingefanya hivyo kiholela, kwa sababu transfoma yake ya kutokea hutaka mzigo uliopangwa. Mzee akapiga E ileile. Besi ikajaa chumba. Tulikuwa tumepunguza spika, na sauti ya chini imeongezeka! Kiongozi alinitazama kama nimefanya kiinimacho.

Hatua ya tatu ilikuwa betri ya tochi, volti 1.5. Unachomoa waya za ampli, unagusisha chanya ya betri kwenye mguu wenye doa jekundu na hasi kwenye mwingine, kwa sekunde moja tu, huku jicho likiwa kwenye koni. Spika mpya ikasukuma nje, kama inavyotakiwa. Ya kushoto ikavuta ndani. Nilirudia na mzee akiwa ameweka ncha za vidole juu ya koni, maana kuona hakumtoshi. "Huyu anatoka, huyu anaingia," alisema, kisha akatukana kidogo.

Yaani fundi aliyebadilisha koni miaka ile aliunga nyaya za koili kinyume ndani ya spika. Alipoona mlio umekuwa mwembamba akageuza waya za nje, mambo yakakaa sawa, akafunga boksi. Doa jekundu likabaki linadanganya. Miaka ikapita, fundi mwingine aliyeamini alama akalinyoosha kosa ambalo kwa kweli lilikuwa ndilo dawa.

Spika mbili zilizo boksi moja zikisukuma kinyume, moja inajaza hewa na nyingine inainyonya. Kwenye sauti za chini, ambazo mawimbi yake yana urefu wa mita kadhaa, zinafutana karibu kabisa. Kwenye sauti za juu, ambazo mawimbi yake ni mafupi kuliko umbali kati ya spika hizo, hazifutani kwa mpangilio huo. Hubaki zikichoma pembe moja na kupotea pembe nyingine. Ndiyo dalili zote za mzee, moja baada ya nyingine.

Nikageuza waya mbili za spika ya kushoto. Besi ikarudi palepale.

Je, kulainika kulikuwa na mchango wowote?

Hapa kisa kingeweza kuishia, lakini spika ya kushoto ilikuwa imekwisha. Kiongozi akanunua ya pili inayofanana na ile mpya, na bahati hiyo ikatupa spika mbili za aina moja, moja ikiwa imepigwa kwa wiki kadhaa na nyingine ikiwa bado kwenye boksi lake. Nafasi kama hiyo haipatikani mara nyingi.

Kupima masafa asilia hakuhitaji maabara. Unachukua simu yenye programu ya kutoa toni, unaipitisha kwenye ampli ndogo, unaweka rezista ya omu 1,000 kati ya ampli na spika, kisha mita ya volti za AC kwenye miguu ya spika. Spika iwe imeshikwa hewani, isilazwe kifudifudi mezani. Unapandisha toni taratibu kutoka 50 Hz, na pale mita inaposoma juu kabisa ndipo penyewe.

Ile iliyopigwa ilisoma karibu 78 Hz. Mpya kutoka boksini ilisoma karibu 86. Tukaichezesha hiyo mpya usiku mmoja, tukaiacha ipoe, tukapima tena: 80 hivi. Mara tu baada ya kuizima ilikuwa imeshuka zaidi, ila asubuhi ilikuwa imepanda kidogo. Spaida hujirudi ikipoa, kwa hiyo anayepima spika ikiwa bado moto anajipa matokeo matamu kuliko yalivyo.

Safari hii kuichezesha hakukuwa na kelele za kumwamsha jirani. Spika mbili zililazwa uso kwa uso, moja ikiwa imeungwa kinyume cha mwenzake kwa makusudi. Moja ikitoka nyingine inaingia, na sauti kubwa inafutana. Kosa lililoitesa bendi wiki zote zile ndilo lililowapa majirani usingizi. Umeme tuliuchukua kwenye transfoma ndogo inayotoa volti 6. Umeme wa TANESCO ni wa 50 Hz, na volti 6 kwenye omu 8 ni wati 4 na nusu, kiasi cha kuitingisha koni vizuri bila kuichosha koili. Kila spika ilipata volti hizo 6 zikiwa sambamba, kwa hiyo transfoma lazima iweze kutoa ampea moja na nusu au zaidi. Na ieleweke: ni upande wa volti 6. Mtu akigusisha spika kwenye volti 230 za ukutani ameichoma, na anaweza kujichoma mwenyewe.

Kabla ya hapo, ile ya pili ikiwa bado haijachezeshwa, tulimgeuza mzee mgongo na kumpigia spika moja moja kwenye boksi lilelile, nafasi ileile, kijana wa ridhimu akishika gitaa. Kwenye kodi za chini alizitambua: iliyopigwa aliita "nene", mpya "ina kifua kidogo". Tulipohamia juu ya shingo ya gitaa, kwenye solo, alianza kubahatisha, naye akakiri hivyo mwenyewe.

Inaingia akilini. Uzi mnene wa E ukiwa wazi ni 82 Hz, mahali hasa ambapo masafa asilia yalikuwa yanahama. Uzi mwembamba wa E ukiwa wazi ni 330 Hz, na ukibonyezwa kwenye freti (kichuma cha shingo ya gitaa) ya 12 ni 659 Hz. Solo ya dansi inaishi huko juu. Kulainika kwa spaida kunagusa sakafu ya nyumba. Mpiga solo anakaa ghorofani.

Matokeo

Bendi ilipanda jukwaani na spika mbili mpya zinazosukuma pamoja. Mzee alirudisha besi na trebo zake katikati, alipokuwa ameziweka miaka yote. Lalamiko moja lilibaki: mlio ulikuwa mkali kidogo kuliko zamani. Hilo si la kusubiri lifunguke. Spika hii mpya ina sauti kubwa kuliko ile ya zamani kwa nguvu ileile, na tofauti za namna hiyo ni za kawaida. Vintage 30 imeandikwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 100, na G12T-75 ya kampuni hiyohiyo desibeli 97. Desibeli 3 ni sawa na kuiongezea ampli nguvu mara mbili. Tena spika ya inchi 12 hurusha sauti za juu mbele yake kama tochi. Ampli ilikuwa chini sakafuni, mzee anasikia magotini, watu wa meza za mbele wanachomwa. Tukaiinamisha nyuma ili imwelekee yeye. Alishusha trebo mwenyewe bila kuambiwa.

Hasara ilikuwa spika ya kushoto, ambayo kama isingechezeshwa kwa fujo kwenye ile stoo pengine ingeendelea kupiga, pamoja na wiki kadhaa za maonyesho yenye mlio mbovu. Mwenye ukumbi aliulizia mara moja kama bendi imebadilisha mpiga solo. Mzee hajasahau.

Uchambuzi

Muuzaji hakudanganya. Alisema jambo la kweli mahali lisipohusika, na hiyo ni hatari kuliko uongo mtupu, kwa sababu ukimbishia utaonekana hujui. Mabadiliko ya 6 hadi 8 Hz kwenye masafa asilia yanasikika kama unene kidogo kwenye kodi za chini. Hayawezi kuleta besi iliyopotea kabisa, hayaondoi mlio unaobadilika ukihama hatua mbili, na hayatibu kukwaruza. Kipimo changu cha haraka ni hiki: spika ikiwa mbovu kiasi kwamba mtu asiye mwanamuziki anaikunjia uso, acha habari ya kufunguka, tafuta kosa.

Pia kuna sikio. Katika zile wiki za kusubiri, wawili kwenye bendi walinihakikishia kwamba spika "ilianza kufunguka" siku chache kabla sijafika. Waya zilikuwa bado kinyume. Walichozoea ni masikio yao, na nobu zilizokuwa zinasogezwa kidogo kidogo kila onyesho. Ndiyo maana ushuhuda wa "nilipiga mwezi ikawa tamu" una thamani ndogo kama hakuna spika ya kulinganisha nayo pembeni.

Kuhusu mafundi, wa pili amelaumiwa sana na bendi, mimi simlaumu sana. Alifuata alama. Angekuwa na mazoea ya kugusisha betri kabla ya kufunga boksi angeliona, lakini hata yule wa kwanza angekwaruza tu lile doa jekundu na kuchora jipya upande wa pili, kisa hiki kisingekuwepo. Kilichokosekana kwa wote wawili ni kumwambia mteja walichokigeuza.

Kilichofanya kazi ni kuondoa kitu kimoja kwa wakati. Kuchomoa spika moja hakukugharimu hata shilingi, na kulitupa jibu ambalo mwezi wa kupiga usingelileta. Mpangilio wa mita, kuchomoa, betri nimeuacha kwa bendi kama ulivyo, kwa sababu kila hatua ni rahisi kuliko inayofuata na hakuna inayohitaji kuamini neno la mtu.

Anayetaka kulainisha spika mpya afanye, haina ubaya. Sauti safi isiyokwaruza, kiasi cha mazoezi ya kawaida, besi katikati, kodi nzito kwa saa chache. Sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea mapema, kinachobaki kinakuja chenyewe kwenye maonyesho. Kuipiga kwa nguvu ili ifunguke haraka kunachosha koili kwa joto kabla spaida haijafaidika.

Suala la ushauri wa "mwezi mzima" bado linanikera, kwa sababu kivitendo linamsukuma mnunuzi nje ya muda ambao angeweza kudai chochote. Kiongozi alirudi dukani kununua ile spika ya pili akiwa na betri na mita mfukoni, akaipima juu ya kaunta, na akakataa kulipa mpaka risiti iandikwe siku saba za majaribio. Muuzaji alinung'unika, akaandika.